Jibu: Hataza zilizokwisha muda hazionekani katika Orange Book

Habari za Iringa, ndugu. Umeuliza kwa nini dawa ulizozichagua, ambazo hataza zake za Marekani (haki za kipekee za mvumbuzi, yaani patent) zimekwisha muda, hazina hata mstari mmoja katika faili la hataza la Orange Book, orodha ya dawa zilizoidhinishwa inayotolewa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Kosa si lako: faili linalopakuliwa leo huonyesha ulinzi ambao bado uko hai, na uliokwisha huondolewa. Nilipofanya kazi kama hiyo hapa Mbeya, nililazimika kurudia hesabu zote kwa matoleo ya zamani ya faili hilo, mwaka baada ya mwaka.

Ila kwanza kagua namna unavyounganisha faili la hataza na lile la bidhaa. Namba ya ombi la kuidhinishwa dawa peke yake haitoshi. Ongeza aina ya ombi na namba ya bidhaa, kwa kuwa vidonge vya miligramu 10 na vya 20 vinaweza kuwa chini ya ombi moja. Pia namba ya hataza inayoishia na *PED si hataza mpya, bali ni ile ile pamoja na nyongeza ya miezi 6 inayotokana na utafiti kwa watoto. Mimi nilizihesabu mara mbili, jedwali likavimba vibaya. Hataza za njia ya kutengenezea dawa usizitafute humo, maana haziorodheshwi. Dawa za kibayolojia (zinazotokana na viumbe hai, kama chanjo) zina orodha yake, Purple Book, ambayo sijaifanyia kazi.