Usianze kwa kufuta Windows ya mteja

Mteja wangu wa kwanza wa kuhamia programu huria, zile ambazo leseni yake inamruhusu yeyote kuzitumia na kuzibadilisha, nilimpoteza ndani ya siku tatu. Ilikuwa shule ya sekondari huku Morogoro. Kompyuta sita, zote zimepigwa Windows ya wizi, na kila wiki virusi vipya kutoka kwenye flashi za walimu. Mkuu wa shule akanipa kazi. Jumamosi nikafuta zote, nikaweka Linux Mint, mfumo huria unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice, programu ya ofisi badala ya Word na Excel, nikarudi nyumbani moyo mweupe.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikaita. "Fundi, matokeo hayajumlishi."

Mwalimu wa taaluma alikuwa na faili la Excel lenye makro, yaani amri za kujiendesha, alizotengenezewa na mtu zamani. Alibofya kitufe kimoja tu, na wastani, madaraja na nafasi za wanafunzi vikajipanga vyenyewe. Kwenye LibreOffice kitufe kilikuwepo, lakini ukibofya, kimya. Jioni ileile nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, na malipo sikudai. Nilikuwa nimehamisha ofisi nzima bila kukaa na yule mwalimu hata nusu saa nione anavyofanya kazi.

Siku hizi siku ya kwanza sigusi mashine. Naomba kiti, nakaa pembeni ya sekretari nikiwa na daftari. Anafungua nini tangu asubuhi? Mafaili anayapokea kutoka wapi? Printa ni ipi, na inakubali Linux? Hilo la printa nalijaribu palepale kwa kuwasha Mint kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha chochote. Mhasibu anayetegemea Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta namwacha kwenye Windows, wala sibishani naye.

Baada ya hapo nahamisha programu kwanza, mfumo baadaye. LibreOffice, Firefox ya mtandao na Thunderbird ya barua pepe zote zinakaa vizuri juu ya Windows ileile. Waache wazizoee mwezi au miwili. Sekretari akishazoea programu, siku unayobadilisha mfumo chini yake hatashtuka sana.

Kuna mambo mawili madogo yatakayokuokoa. Weka fonti za Carlito na Caladea. Herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, kwa hiyo barua ya ukurasa mmoja haimwagikii ukurasa wa pili. Halafu panga LibreOffice ihifadhi kwa docx, aina ya faili ya Word. Najua wenzangu wengi wanataka ODF, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, tangu siku ya kwanza, na mimi naipenda. Ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Lakini barua ikitumwa wilayani na huko wakashindwa kuifungua, atakayeaibika ni sekretari, na hatakusamehe.

Upande wa hela, usiuze kwa neno "bure". Mteja akilisikia atakuuliza, sasa wewe nakulipa ya nini? Mimi namwambia wazi: leseni hulipii, unanilipa kwa kuhamisha, kufundisha na kuja ukinipigia simu. Naandika kila kimoja kwenye ankara. Namwambia pia kwamba tukikosana, fundi mwingine yeyote anaweza kuendelea nilipoishia, na mafaili yake hayatafungwa na mtu. Hii ndiyo maana ya huria, na ndiyo sababu naipenda kazi hii. Mwaka 2004, kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni ya OpenOffice iliruhusu kuitafsiri.

Wateja sasa wanakuja wenyewe. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za mtumba tulizo nazo hazifikii masharti ya Windows 11. Mashine bado nzima, mwenyewe anaambiwa anunue nyingine. Usimkimbize kwa sababu ana hofu. Anza na kiti na daftari.

Ile shule nilirudi mwaka uliofuata. Mimi na mwalimu wa taaluma tulikaa jioni tatu tukaliandika upya faili lake kwa fomula za kawaida, AVERAGE, RANK na VLOOKUP, zinazofanya kazi kotekote. Zilihama kompyuta tano. Ya sita ni ya mhasibu, ina Windows mpaka leo, na leseni yake imelipiwa.