Maswali ya Wasomaji: Bomba la Plastiki na Hita ya Maji

SWALI: Fundi ameniletea bomba la PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa kuchomelewa) lililoandikwa PN 20 na anataka kulifunga moja kwa moja kwenye hita ya umeme ya lita 80. Anasema bomba hilo ni la maji ya moto, kwa hiyo hakuna shida. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie pale kwenye mdomo wa hita, mbele zaidi anaruhusiwa. PN 20 maana yake bomba linahimili presha ya bar 20 (bar ni kipimo cha presha) maji yakiwa nyuzi 20 za sentigredi. Maji yakifika nyuzi 60, kwa hesabu ya miaka 50 ya matumizi, uwezo huo hushuka hadi karibu nusu, na kwenye nyuzi 70 hubaki karibu theluthi. Hata hivyo bado unatosha nyumba nyingi, maana presha ya nyumbani kwa kawaida ni bar chache tu. Hatari iko siku thamostati, yaani kifaa kinachokata umeme maji yakishapata moto, itakapogoma kukata. Maji yatapanda hadi nyuzi 90 na kuendelea, na kipande cha kwanza kuyapokea ni hicho kilichoshikana na hita, ambacho pia kinachomwa na chuma cha tangi lenyewe. Plastiki hulainika, hesi (meno ya kukazia) hulegea, kisha kiungio huchomoka.

Kwa hiyo anzeni na chuma. Kwenye hita ya tangi, wekeni angalau nusu mita ya bomba la shaba au hozi ya chuma cha pua kabla ya plastiki; kwenye boila ya gesi, wekeni mita moja. Fanyeni hivyo pande zote mbili, ya moto na ya baridi, kwa sababu joto hupanda hata kwenye bomba la kuingizia maji wakati hakuna anayefungua koki. Kila upande uwe na yunioni, yaani kiungio kinachofunguka kwa spana, ili hita ishuke bila kukata bomba. Kama shaba inaunganishwa kwa solda na moto, kazi hiyo iishe na kupoa kwanza, ndipo plastiki iletwe.

Kutoka shaba kwenda PPR tumieni kiungio chenye hesi ya brasi iliyozikwa ndani ya plastiki. Fungeni kwa mkono mpaka kigome, kisha spana mzunguko mmoja hivi, huku spana ya pili ikishika brasi. Ukishika plastiki, brasi huzunguka ndani yake na kiungio kimekufa, hata kama hakivuji siku hiyo. Tepu ya kuzuia uvujaji ikizidi sana kwenye hesi ya ndani nayo hupasua kiungio.

Na PVC ya kawaida isisogee karibu na kazi hii kabisa. Mwisho wake ni nyuzi 60.

SWALI: Tangu tuchomelee PPR ya milimita 20 bafuni, maji ya moto yanatoka kidogo mno, ilhali ya baridi yako sawa. Hita imeziba?

JIBU: Kabla ya kulaumu hita, kata kiungio kimoja ukitazame ndani. Ukikuta pete nene ya plastiki imeziba tundu, bomba lilipashwa mno au lilisukumwa kupita kiasi. Mashine ya kuchomelea iwe na nyuzi 260. Kwa milimita 20, weka alama kwenye bomba milimita 14 kutoka ncha. Pasha sekunde 5, ukianza kuhesabu bomba na kiungio vikiwa vimezama kabisa kwenye vichwa vya mashine. Unganisha ndani ya sekunde 4, bila kuzungusha. Kisha acha dakika 2 bila kuguswa. Milimita 25 inataka sekunde 7, na 32 inataka 8. Kiungio kizuri huonyesha kwa nje pete mbili ndogo zinazogusana, zikiwa sawa mzunguko mzima. Upande mmoja mnene na mwingine mwembamba ni dalili kwamba bomba liliingia kombo.

Hakikisha pia ncha ni kavu. Tone la maji hugeuka mvuke, nao huacha vijitundu ndani ya kiungio. Vitavuja baadaye, ukuta ukishapakwa rangi.

SWALI: Valvu ya usalama ya hita yangu inadondosha maji kila inapopasha. Nimeshauriwa niizibe kwa plagi.

JIBU: Tafadhali usiizibe! Hiyo ndiyo inayozuia tangi lisipasuke. Lita 100 za maji zikitoka nyuzi 20 kwenda 60 huongezeka karibu lita moja na nusu. Kama kuna valvu inayozuia maji kurudi kwenye bomba la barabarani, ziada hiyo haina pa kwenda ila hapo. Dawa yake ni tangi dogo la mtanuko upande wa maji baridi, kati ya valvu hiyo ya kuzuia maji kurudi na hita, pasipo koki yoyote katikati. Valvu ya usalama ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa, hapo pima presha ya maji yanayoingia, au ibadilishe.

Bomba la kumwagia kutoka kwenye valvu ya usalama liwe la chuma, lisiwe jembamba kuliko tundu la valvu, lishuke mwinamo mpaka mwisho, na mdomo wake ubaki wazi mahali pa kuonekana pasipomuunguza mtu. Siku ya hitilafu litapitisha maji yanayokaribia kuchemka pamoja na mvuke. Plastiki nyembamba hapo itajikunja na kujiziba yenyewe, na utakuwa umeiziba valvu bila kukusudia.

SWALI: Je, PPR inafaa kwa boila ya kuni? Na kwa paneli za jua?

JIBU: Kati ya boila ya kuni na tangi, hapana. Moto wa kuni hauzimwi kwa swichi, na pampu ikisimama maji huchemka. Paneli za jua zikikaa bila mzunguko wa maji zinaweza kupita nyuzi 150. Kote kuwili tumia shaba au chuma mpaka kwenye tangi, kisha valvu ya kuchanganya iliyowekwa nyuzi 50 au 55, ndipo plastiki ianze.

SWALI: Nimeng'oa mabomba yote ya chuma na kuweka plastiki. Kuna jambo nimesahau?

JIBU: Ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Plastiki haipitishi umeme, hivyo kama ethi ya nyumba au ya hita ilitegemea bomba la chuma, sasa imekatika. Zima umeme mkuu, usioge kwa maji ya hita hiyo, na mwite fundi umeme avute waya wa ethi hadi kwenye hita na kuupima kabla ya kuwasha tena.