Kompyuta imesema mbegu zangu 97% ni mbovu

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 33, naishi Makorora, Tanga. Tuna mwaka na miezi miwili kwenye ndoa, mke wangu hajashika mimba. Nimepima. Wingi na mwendo wa mbegu viko sawa, ila kompyuta imeandika umbo la kawaida 3%. Jamaa mmoja Ngamiani ana dawa ya kunyoosha mbegu, dozi ya siku 7. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue.

Karatasi kama yako naletewa kila mara, na mwenye nayo keshajihukumu utasa. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni 4%, tena kilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12. Asilimia 5 ya akina baba hao walikuwa chini ya hapo! Mbegu nyingi za mwanamume yeyote zina kasoro, ndivyo tulivyoumbwa.

Sasa hiyo kompyuta mnayoiamini kama msahafu. Inasoma picha tu. Inachora mpaka wa kichwa cha mbegu, inapima urefu, mikromita (elfu moja yake ni milimita moja) 4 na kitu, na upana, karibu 3, kisha inatoa hukumu. Slaidi, yaani kile kioo kinachopakwa manii, ikipakwa nzito, vichwa viwili vilivyolaliana vinahesabiwa kimoja kikubwa. Rangi inayotiwa ili mbegu zionekane isiposafishwa vizuri, uchafu unageuka mbegu. Hata aina ya rangi hubadilisha ukubwa wa kichwa. Na katika mbegu 200 zinazotakiwa kuhesabiwa, tofauti ya 3% na 4% ni mbegu mbili. Mbili! Uliza kama kuna mtu aliyezikagua picha hizo baada ya mashine.

Rudia kipimo, ukae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Kwa kuwa mwaka umepita, nendeni hospitali wote wawili. Mama naye ana vipimo vyake.

Huyo wa Ngamiani hata hesabu imemshinda. Mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, na iliyokwisha kupinda hainyooki. Wabaya zaidi ni wanaochoma watu sindano za testosteroni, homoni ya kiume, eti kuongeza nguvu. Homoni hiyo ikiingizwa kutoka nje, ubongo huacha kuyaamuru makende yafanye kazi, na mbegu zinaweza kukauka kabisa. Waliochomwa wanakuja kwangu wamepata sifuri, na walianza na mbegu nzuri kuliko zako. Mtu akikushikia sindano, mwambie kwanza akuandikie jina la dawa. Akianza kuzunguka, vaa viatu uondoke.