Boga huwekwa pamoja na kimea: majibu kuhusu bia ya boga ya nyumbani

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Ninaishi Columbus, jimbo la Ohio, na kwa miaka miwili sasa najitengenezea bia nyumbani kwa kimea cha shayiri. Oktoba iliyopita nilijaribu bia ya boga kwa mara ya kwanza. Nilitumia kilo 4.5 za kimea, na maji matamu yaliyochujwa kutoka kwenye kimea yalipoanza kuchemka nikatumbukiza kilo 4 za boga bichi lililokatwa vipande, pamoja na vijiko viwili vikubwa vya mchanganyiko wa viungo vya pai (mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi), vikachemka kwa saa nzima. Boga lilirojeka likaziba kichujio cha koki, nikapata lita 17 tu, nikaongeza lita 2 za maji ili zifike 19. Nilitarajia haidromita, kile kifaa kinachoonyesha wingi wa sukari majini, isome 1.060, lakini ilisoma 1.047. Bia yenyewe ina ukungu mpaka leo, karafuu yake inatia ganzi ulimi, na boga silisikii kabisa. Mwenzangu mmoja anasema boga liwekwe pamoja na kimea, mwingine anasema liwekwe kwenye pipa baada ya bia kuchachuka. Nimfuate yupi? Mwaka huu ningependa kuwawekea wageni bia hiyo mezani Sikukuu ya Shukrani, na ikiwezekana niwauzie wachache.

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Nakushukuru kwa kuandika vipimo vyako vyote, kwa sababu bila zile namba 17, 19 na 1.047 ningekuwa napiga ramli.

Nianze na haidromita, ambayo haikukosea hata kidogo. Kilo 4.5 za kimea cheupe cha shayiri, kwa mtu anayefanikiwa kutoa kama asilimia 70 ya sukari iliyomo, huzaa takribani 1.050 katika lita 19. Sasa chukua 47, yaani pointi za ile 1.047, zidisha kwa 19, kisha gawanya kwa 17: utapata 52 na nusu. Maana yake ni kwamba kabla hujaongeza yale maji, kilichokuwamo sufuriani kilikaribia 1.053, kimea kilikuwa kimefanya kazi yake ipasavyo, na boga likaongeza pointi mbili au tatu tu. Lita 2 zilizonaswa kwenye rojo zilikuwa na sukari yake, ukazitupa pamoja na machicha, ukajaza maji matupu mahali pake.

Kwamba kilo 4 nzima za boga zilete pointi mbili au tatu ni jambo linalowashangaza wengi, lakini hesabu yake ni nyepesi. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za nyama ya boga bichi ni maji, na sukari yake haifiki gramu 3 katika kila gramu 100. Kilo 4 zako zilibeba kama gramu 110 za sukari, ambazo ukizigawa katika lita 19 hazina uzito wa kuonekana. Kwa hiyo ukitaka 1.060, itafute kwenye kimea, ambacho kila nusu kilo yake huongeza pointi 5 na nusu hivi katika ujazo huo. Boga litakupa mambo mengine: rangi inayoelekea chungwa, mwili mzito kidogo mdomoni, na ladha ya chini chini inayofanana na udongo mtamu, ambayo husikika tu pale usipoifunika kwa viungo.

Hili si geni katika historia ya bia hiyo. Walowezi wa Kiingereza katika makoloni ya Amerika walilitumia boga kwa sababu kimea kizuri cha shayiri kilikuwa haba na boga lilikuwa limejaa mashambani. Maelekezo ya mwaka 1771 kutoka Philadelphia yanataka boga lipondwe na kukamuliwa kama tufaha, na majimaji yake yachemshwe, yatiwe hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na kuchachushwa kama bia ya kimea. Ilikuwa bia ya dhiki. Ile tunayoijua leo ilifufuliwa miaka ya 1980 na Bill Owens katika kiwanda chake kidogo cha Buffalo Bill's, mjini Hayward, California, naye alipoona kwamba boga lake halisikiki mdomoni, akageukia viungo vya pai. Tangu hapo watu wanaposema bia ina ladha ya boga, mara nyingi wanachokisikia ni mdalasini na kungumanga.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe la mahali pa kuliweka. Mfuate mwenzako wa kwanza. Ikiwa umewahi kumwona mama au bibi akitengeneza togwa, unakumbuka kwamba uji huachwa upoe hadi uvumilike kidoleni, ndipo unga wa kimea cha ulezi hutiwa, na baada ya muda ule uji mzito huanza kulegea na kuwa mtamu. Kinachofanya kazi hiyo ni vimeng'enya vya kimea, ambavyo hukata wanga kuwa sukari, na ambavyo hufa vikikutana na maji yanayochemka. Boga nalo lina wanga kiasi. Ulipolitumbukiza kwenye maji yanayochemka, vimeng'enya vyote vilikwisha kufa, wanga ule ukakosa wa kuukata, ukaingia kwenye bia kama ulivyo, na huo, ukishirikiana na pektini ya boga (ule utomvu wa matunda unaogandisha jamu), ndio ukungu unaouona hadi leo. Haudhuru afya, lakini usitarajie utulie.

Kabla ya kukutana na kimea, boga linapaswa kuokwa, na hapa nakuomba usifanye haraka. Achana na yale maboga makubwa ya kuchongwa sura, kwa kuwa yamekuzwa kwa ajili ya umbo, yana nyuzi nyingi na maji mengi kuliko utamu. Tafuta maboga madogo ya pai, au boga la butternut, na usihisi kwamba unadanganya: boga linalosindikwa kwa wingi kwenye makopo huko Marekani ni la jamii ileile ya butternut. Pasua kilo 3, ondoa mbegu na nyuzi, laza vipande kwenye trei sehemu iliyokatwa ikiangalia chini, uoke kwa nyuzi joto 190 za Selsiasi (nyuzi zote hapa ni za Selsiasi) hadi uma upenye bila kusukumwa, yaani kama saa moja. Kisha chota nyama yake, itandaze kwenye trei hiyohiyo na uirudishe kwenye oveni kwa nusu saa nyingine. Utaona mvuke unapungua, kingo zinaanza kuwa kahawia, na harufu inabadilika kutoka ile ya mboga kuwa ya viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu. Hapo ndipo pa kuitoa. Itabaki takribani kilo 2, na hizo ndizo utakazozitumia. Ukiamua kununua ya kopo, soma lebo: unataka boga tupu, maana yako makopo yanayofanana nayo ambayo tayari yametiwa sukari na viungo vya pai, nayo yatakuharibia hesabu yote. Hata la kopo hunufaika likipitishwa kwenye oveni nusu saa.

Kwa lita 19 zenye 1.060, ningetumia kilo 4.5 za kimea cheupe, gramu 400 za kimea cha Munich, kilichokaushwa kwa joto kali zaidi, na gramu 300 za kimea cha karameli cha rangi ya kati. Ongeza gramu 250 za maganda ya mpunga yaliyosuuzwa kwa maji ya moto. Maganda haya hayatoi ladha wala sukari. Kazi yake ni kuacha njia ya maji kupita katikati ya lile rojo, nayo ndiyo kinga yako dhidi ya kuziba. Pipa la kwanza la boga nililolisimamia kazini liliwekwa bila maganda, na tulikaa karibu saa tatu tukisubiri maji yatoke kwa matone; tangu siku hiyo sijasahau maganda tena. Pasha lita 14 za maji hadi nyuzi 73, changanya kimea na maganda kwanza, kisha tia boga likiwa bado la moto, kijiko baada ya kijiko, ukikoroga ili lisifanye mabonge. Nimepunguza maji kwa sababu boga linakuja na maji yake. Mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 67, ufunike, na uuache kwa dakika 75.

Dakika hizo zikiisha, usiamini saa peke yake. Chota kijiko cha maji matamu yasiyo na makapi, yamimine kwenye kisahani cheupe, yaache yapoe, kisha dondoshea tone moja la iodini ya kawaida ya duka la dawa. Tone likibaki na rangi yake ya kahawia, wanga umekwisha. Likigeuka buluu iliyokoza au jeusi, rudisha mfuniko na subiri dakika 15 zaidi kabla ya kupima upya. Kilichokuwa kisahanini kimwage, kisirudi kwenye chombo.

Ukishapata jibu zuri, pandisha joto hadi nyuzi 76 kwa kuongeza maji ya moto, kwa kuwa rojo la moto ni jepesi kupitisha maji kuliko la vuguvugu. Fungua koki kidogo sana. Majimaji ya kwanza yatakuwa na chembechembe. Yarudishe juu taratibu mpaka yatoke yakiwa safi. Wengi huziba hapa kwa sababu ya pupa: koki ikifunguliwa yote, uzito wa maji hulikandamiza boga chini na kutengeneza tabaka kama udongo wa mfinyanzi. Likikwama, funga koki, ongeza maji kidogo ya nyuzi 76, koroga hadi chini, acha dakika 10, kisha anza upya.

Ushauri wa mwenzako wa pili, wa kuliweka boga kwenye pipa baada ya kuchachuka, nimewahi kuufuata, na sikatai kwamba harufu ya boga huwa kali zaidi. Hata hivyo utapoteza lita kadhaa kwenye mashapo, utaingiza wanga ambao hakuna wa kuukata, na utakuwa unaleta chakula chenye sukari na unyevu ndani ya bia ambayo ungependa ibaki safi. Kwa mtu anayetengeneza mara moja kwa mwaka, sioni faida inayolingana na hasara hiyo.

Viungo ndivyo vilivyoiharibu bia yako kuliko boga. Vijiko viwili vikubwa ni vingi mno, na saa nzima ya kuchemka iliifukuza harufu nzuri ya mdalasini na kubakiza uchungu. Ile ganzi inatokana na eujenoli ya karafuu, kemikali ileile ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Sisi tuliozoea karafuu za Pemba na Unguja kwenye pilau huiona kuwa kiungo cha kawaida tu, lakini kwenye pilau inakutana na mafuta, nyama na wali. Kwenye bia haina cha kuipunguza makali. Karafuu tatu nzima zinatosha lita 19. Na mdalasini uwe wa vijiti, kwa sababu wa unga hutoa ute unaoning'inia ndani ya chupa.

Njia ninayoipendekeza ni kutotia kiungo chochote sufuriani. Chukua vijiti viwili vya mdalasini, karafuu tatu, robo ya kungumanga iliyokunwa na kipande cha tangawizi kavu chenye ukubwa wa kidole gumba. Viponde kidogo, viloweke kwenye mililita 100 za vodka ndani ya chupa iliyofungwa kwa siku 5, kisha chuja kwa karatasi ya kahawa. Siku ya kujaza chupa, pima mililita 100 za bia kwenye glasi nne, na kwa bomba la sindano lisilo na sindano tia mililita 0.1 kwenye ya kwanza, 0.2 kwenye ya pili, 0.3 kwenye ya tatu, na ya nne iache tupu uwe na cha kulinganishia. Onja, mpe na mwingine aonje. Mkiipenda ya pili, zidisha: mililita 0.2 kwa kila 100 ni mililita 38 kwa lita 19. Mkisitasita kati ya glasi mbili, chagueni yenye kidogo.

Kuhusu hopsi sina mengi: gramu 28 za East Kent Goldings kwa dakika 60 zinatosha, kwani uchungu mkubwa hugombana na mdalasini. Hamira nayo iwe ya tabia ya utulivu, kama pakiti moja ya SafAle US-05, na pipa likae kwenye nyuzi 18 hadi 20. Tarajia haidromita ishuke hadi 1.012 au 1.014, yaani kilevi cha asilimia 6 hivi.

Lile la kuuza nalijibu wazi: haliruhusiwi. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inairuhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kutengeneza hadi galoni 200 za bia kwa mwaka kwa matumizi yao, bila kodi, lakini si kuuza. Kwa biashara utahitaji leseni. Kuwakirimu wageni wako hakuna tatizo.

Sikukuu ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo pika wiki ya kwanza ya Oktoba. Wiki mbili ni za kuchachuka, na usijaze chupa mpaka haidromita isome namba ileile mara mbili kwa tofauti ya siku tatu, maana bia iliyofungwa kabla ya wakati hupasua chupa na vioo vyake vimewahi kujeruhi watu. Chemsha gramu 120 za sukari ya mahindi kwenye glasi ya maji, ipoe, changanya na bia yote pamoja na ile vodka ya viungo uliyoipima, jaza chupa, na ziache wiki tatu ndani ya nyumba kabla ya kuzipeleka kwenye jokofu. Zile za karafuu za mwaka jana usizimwage bado: fungua moja, uchanganye sehemu moja yake na sehemu tatu za bia mpya, na huenda ukapata kitu cha kunyweka.