Maswali yenu: ushuru wa trisikli, pesa za London na mguu wa mlinzi

Wiki hii barua karibu zote zilizungumzia jambo moja: mtu mwenye ulemavu, kazi yake, na pesa iliyokatwa. Nimechukua sita. Mimi mwenyewe natembea kwa magongo tangu polio ya utotoni, kwa hiyo mkiona mahali nimepandisha sauti, mnisamehe.

Navusha mizigo Petite Barrière, mpaka wetu wa Goma na Rwanda, kwa trisikli yangu. Zamani sisi walemavu tulipita bila kutozwa. Sasa wananisimamisha na kudai ushuru kama mtu yeyote. Nani amefuta haki yetu? (Mama wa Birere)

Mama, pole kwa barabara ile. Jibu langu halitakufurahisha: ile haikuwa haki, ilikuwa huruma. Waliokuwa pale waliiona trisikli wakafumba macho, na huruma ya afisa huhama pamoja naye. Hukuwa na andiko mkononi, basi hakuna kilichofutwa.

Sasa nami nikuulize: mzigo ni wa nani? Sote tunajua mambo yanavyokwenda pale. Mwenye duka kubwa anagawa magunia yake juu ya trisikli kumi, vijana wanasukuma, wewe unalipwa kwa safari, na ushuru uliosamehewa unabaki mfukoni mwake. Kilichokodishwa ni ulemavu wako, tena kwa bei ya chini. Siku mzigo ukikamatwa, yeye hajulikani alipo. Sisemi uache, maana watoto hawali ushauri wangu. Nasema hesabu ya safari unayopewa uiangalie upya.

Kitu chenye andiko kipo, ila hakikuandikwa kwa ajili ya walemavu. Ni utaratibu rahisi wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa wachuuzi wadogo wa mpakani. Kongo na Rwanda zote ni wanachama. Bidhaa ikiwa kwenye orodha ambayo nchi mbili zimekubaliana, na thamani yake isipozidi kiwango kilichowekwa, mchuuzi hatozwi ushuru wa forodha. Anajaziwa hati fupi ya kuonyesha bidhaa imetoka wapi. Tozo ndogo za huduma zinabaki, na kwa kila franga unayotoa udai risiti. Utaratibu huo hauangalii miguu yako, unaangalia kama mzigo ni mdogo na ni wako. Ndiyo maana ningependa kuona wenye trisikli watano wanachanga mtaji, wananunua bidhaa zao wenyewe, halafu wanakwenda kwa chama cha wachuuzi kuuliza orodha kabla ya kubeba. Faida ya gunia moja lako inaweza kuzidi malipo ya safari kadhaa za magunia ya mwingine.

Sioni. Nilipokuwa kambini Lushagala shirika moja lilikuwa linanitumia pesa kwa simu. Tangu kambi zivunjwe, kimya. Jirani anasema serikali imetukata. Ni kweli? (Papa wa Ndosho)

Papa, serikali haiwezi kukata kamba ambayo haikuifunga. Hapa Kongo hakuna pesa ya kila mwezi ambayo serikali inamlipa mtu kwa sababu ana ulemavu. Tunayo Katiba ya 2006, na ibara yake ya 49 inawapa wazee na wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu. Tunao mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu ilijiunga nao 2015. Tunayo sheria ya tarehe 3 Mei 2022, iliyotungwa kwa ajili yetu sisi tu. Ukisomewa zote tatu utajiona tajiri. Pesa hamna. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni kidogo na hukawia, lakini ikikawia watu wanajua mlango wa kugonga.

Pesa ya misaada hapa ilikuwa ikitoka mbali. Mwaka 2024 Marekani ndiyo iliyobeba takriban asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu Kongo. Tarehe 20 Januari 2025 rais wao mpya alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lao la misaada, ikafunga kazi. Katikati ya hayo, vita vikaingia Goma na kambi zikamalizwa. Hakuna aliyekaa kwenye meza akaamua kwamba sasa unaona.

La kufanya: jina lako la Lushagala halikukufuata Ndosho. Mashirika yaliyobaki yanaandika orodha upya. Nenda kwa nyumbakumi na kwa mkuu wa avenyu uandikwe mahali unapolala sasa, kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Nimeona wazee wengi wakitumia namba ya mpwa, na siku mpwa anasafiri, msaada nao unasafiri.

Dada yetu yuko London, ni mgonjwa wa uti wa mgongo. Anasema huko wanakata pesa za walemavu, na kwamba akipata kazi watamnyang'anya zote. Hutusaidia dola 100 kila mwezi. Anatudanganya? (Ndugu watatu, Katindo)

Hadanganyi, ila huenda anachanganya. Muulizeni anapokea pesa gani. Kule kuna PIP, iliyoanza 2013, ambayo hulipwa kwa sababu ulemavu wenyewe unagharimu. Mtu anaweza kuwa na kazi na mshahara mzuri na bado akaipata. Halafu kuna nyongeza ya afya ndani ya malipo yanayoitwa Universal Credit, na hayo hupungua kadiri mshahara unavyopanda. Machi 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kubana huku na huku. Wabunge wa chama chake yenyewe wakaja juu, na tarehe 1 Julai, siku ya kura, ikakiondoa kipengele cha PIP. Nyongeza ya afya ndiyo iliyopigwa: kwa waombaji wapya kuanzia Aprili 2026, kutoka karibu pauni 97 kwa wiki hadi 50, isipokuwa wenye hali nzito zaidi. Waliokuwa wakiipata kabla ya hapo wanalindwa.

Kwa hiyo hofu yake ya kazi ni ya kweli kwa nusu. Aende kwa washauri wa bure wa huko afanyiwe hesabu kabla ya kukubali kazi, na akianza, aijulishe ofisi inayomlipa. Msimwambie afiche mshahara ili dola zenu 100 zisipungue. Deni la pesa aliyolipwa zaidi litamrudia yeye peke yake, na nyinyi watatu mna mikono sita.

Mimi ni kiziwi, nina lisansi ya chuo kikuu. Niandike ulemavu wangu kwenye CV? (Kijana wa Himbi)

Hapana. Andika unachojua kufanya. Ukiitwa kwenye mahojiano, hapo uwajulishe mapema, pamoja na dawa yake: "Naomba maswali kwa maandishi, au nije na mkalimani wa lugha ya alama." Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 27, unadai mazingira ya kazi yarekebishwe kwa ajili yako, lakini bosi anayesikia neno kiziwi bila suluhisho anaanza kuhesabu gharama ambazo hazipo. Mimi niliwahi kuulizwa, kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu, kama nitaweza kupanda ngazi. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Kazi sikupata.

Nilikuwa mlinzi wa usiku. Nikienda kazini, pikipiki niliyopanda ikagongwa, nikakatwa mguu. Bosi alinipa dola 150 akasema tumemalizana. Sina mkataba wa maandishi. (Majengo)

Hamjamalizana. Ajali ya njiani kwenda kazini huhesabiwa kama ajali ya kazi. Sheria ya 15 Julai 2016 inamtaka mwajiri akuandikishe CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na kulipa mchango: asilimia 13 yake, 5 ya kwako. Sehemu ya ajali za kazi anailipa yeye peke yake. Kutokuwa na mkataba wa maandishi si kosa lako. Sheria ya kazi inakuruhusu kuthibitisha ajira kwa njia yoyote: mashahidi, ujumbe wa simu wa mshahara, yunifomu, daftari la zamu.

Mahakama haitakusikiliza kabla hujapita kwa mkaguzi wa kazi kwa usuluhishi, basi anzia huko. Utaniambia: ofisi gani, wakati hata benki za Goma zilifungwa Januari 2025? Ndiyo maana nakusihi ukusanye karatasi sasa, hasa za hospitali zenye tarehe, na umpe ndugu aliye nje ya mji nakala. Madai yana muda wake. Na kama ulitia saini karatasi ya "nimepokea, sidai tena", usinifiche, maana hiyo inabadilisha mazungumzo.

Kuhusu mguu, uliza kituo cha Shirika la Umoja hapahapa Goma, ambacho CICR, Msalaba Mwekundu wa kimataifa, imekuwa ikikisaidia kwa kazi ya viungo bandia.

Kuna kijana mlemavu anauza initi za simu karibu nami. Anapata kuliko mimi, na kanisa bado linamsaidia. Ni haki hiyo? (Muuzaji, Virunga)

Umehesabu mauzo yake. Hesabu na matumizi. Wewe unakuja kwa miguu, bure. Yeye siku ya mvua analipa pikipiki, anamlipa na mtoto wa kumbebea trisikli. Siku kavu, mawe ya volkano yanakula tairi zake, na fundi wa kuziba pancha anamjua kwa jina. Akitaka choo, anafunga meza nusu saa, kwa sababu choo cha karibu kina ngazi. Kanisa linamrudishia nauli tu.

Kama initi zako haziuziki, niandikie umeweka meza upande gani wa barabara. Nahisi shida yako iko hapo.