Maswali na majibu: flavonoidi na jeni, taja kwanza umbo la molekuli

Swali: Je, flavonoidi zinaharibu jeni?

Jibu: Ipi? Flavonoidi ni kundi kubwa la molekuli za mimea. Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara halina jina la molekuli.

Swali: Lutiolini na kwesetini, flavonoidi mbili, zinapishana hidroksili (kikundi cha OH) moja tu. Mbona jaribio la Ames, linalotumia bakteria kupima kama kitu kinabadilisha jeni, linaikamata kwesetini peke yake?

Jibu: Kwa sababu ya hiyo moja, iliyo kwenye kaboni namba 3. Ikikutana na bondi maradufu kati ya kaboni 2 na 3, pamoja na keto (oksijeni yenye bondi maradufu) kwenye namba 4, elektroni hupita kutoka pete B hadi pete C, mbili kati ya pete tatu za molekuli. Hapo hidroksili mbili jirani za pete B (3′ na 4′) huoksidishwa kuwa kwinoni, na maumbo yatokanayo nayo hunasa kwenye DNA. Aina ya TA98 ya bakteria wa Salmonella huonyesha hilo hata bila S9 (dondoo la ini lenye vimeng'enya). Katekini, flavonoidi nyingine, ina hidroksili hizo za pete B, lakini haina bondi ile wala keto, na matokeo yake ni hasi. Kwa hiyo msihesabu hidroksili tu, angalieni zilipokaa.

Swali: Kampferoli imetoa hasi. Niandike ni salama?

Jibu: Uliweka S9? Pete B yake ina hidroksili moja. Vimeng'enya vya ini huongeza ya pili, ikawa kwesetini. Jaribio bila S9 ni nusu ya jaribio.

Swali: Na rutini?

Jibu: Ni kwesetini iliyozibwa kwa sukari pale kwenye namba 3. Bakteria wa utumbo mpana huikata sukari hiyo, S9 haitoshi. Ongeza glikosidasi (kimeng'enya kinachokata sukari), kisha rudia.

Swali: Dondoo la majani limeongeza makoloni mara tatu. Je, ni chanya?

Jibu: Usiandike bado. Bakteria hawa hawawezi kujitengenezea histidini wanayohitaji ili kukua mpaka jeni yao ibadilike, na dondoo la mmea mara nyingi linayo. Tazama utando wa nyuma kwenye sahani (tabaka hafifu la bakteria nyuma ya makoloni): ukiwa mnene kuliko wa sahani ya kidhibiti, isiyo na dondoo, basi dondoo limewalisha. Wape dondoo wakiwa kwenye kimiminika, zungusha kwenye sentrifuji, waoshe, ndipo uwamwage kwenye agari. Ukipima seli za mamalia, weka sahani nyingine yenye katalasi (kimeng'enya kinachovunja peroksidi ya hidrojeni), maana kwesetini huoksidika ndani ya chakula cha seli na kuzaa peroksidi ya hidrojeni. Uharibifu ukitoweka, ulikuwa unapima peroksidi hiyo.

Swali: Basi tuache kula matunda?

Jibu: Hapana. Ukuta wa utumbo na ini huzifunika hidroksili hizo kwa glukuronidi, salfeti na methili, na mwaka 1999 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka kwesetini Kundi la 3, yaani haiwezi kuainishwa kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Vidonge vya kwesetini vya miligramu mia kadhaa ni jambo jingine. Katika seli za maabara, kwesetini na jenisteini (flavonoidi ya soya) huvuruga topoisomerasi II, kimeng'enya kinachokata na kuunga DNA, na kuvunja jeni ya MLL, ambayo huvunjika katika leukemia ya watoto wachanga. Mjamzito asimeze vidonge hivyo bila daktari, hata kama kopo limeandikwa "asilia".