Usiniulize Jina la Mti, Niulize Ulilala Majini Muda Gani

Kijana mmoja kanitumia ujumbe wiki hii: "Kaka, nitajie mbao ya Vietnam isiyoliwa na dumuzi, nataka nianze kuagiza." Maswali ya namna hii nimeyajibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja kwa wote mnaotaka karakana zenu. Najua mnaitaka. Hakuna anayenisoma mimi ili aishie kugongea vitanda pembeni mwa barabara.

Mimi nilikwenda Hanoi kusoma biashara, nikaishia Đồng Kỵ, kijiji cha maseremala mkoani Bắc Ninh, ambako vumbi la mbao linakufuata mpaka kwenye bakuli la supu. Nyumbani walinicheka. Baba mdogo alisema mbele ya kikao cha ukoo, "Umevuka bahari ukajifunze kuranda?" Sijasahau, na sijifanyi nimesahau.

Sasa majina. Wavietnam wana miti minne wanayoiita ya chuma: đinh, lim, sến na táu. Mnara wa kengele wa hekalu la Keo, kusini-mashariki mwa Hanoi, umejengwa kwa lim tangu karne ya 17, ghorofa tatu, mbao zimeshikana kwa ndimi na matundu. Unaingia chini yake unaishiwa maneno. Lakini lim ya kwao imebaki kidogo mno, na mwaka 2016 serikali ikatangaza kufunga misitu ya asili isikatwe mbao. Lim nyingi inayouzwa huko leo inatoka Afrika, Cameroon hasa, nayo ni ndugu wa mwavi wetu. Yaani wewe unataka kuagiza kwao mti ambao wao wanauagiza kwetu!

Kilichonishika mimi ni bwawa. Kuna mti unaitwa xoan, ukoo mmoja na mwarobaini, unakua haraka, bei yake ya kawaida kabisa. Ukiupasua mbichi ukapigia kenchi, dumuzi watakushukuru. Vijiji vya kaskazini huzamisha gogo zima kwenye bwawa la matope, miezi kadhaa, wengine mwaka. Wanga na sukari vinachujukia majini, dumuzi akija hakuti chakula. Nilitumwa kuyavuta magogo hayo: gogo linatoka jeusi, linateleza kama kambare, na harufu ya mayai viza inaganda kwenye nguo hata ufue vipi. Kisha unalikausha kivulini taratibu. Ukipitisha randa mara mbili tatu, weusi wote unaondoka, chini yake mbao safi, kahawia yenye wekundu kidogo. Watu wanajengea nyumba za kurithisha wajukuu kwa mti wa bei hiyo.

Jambo la pili ni ufito. Fundi mkuu wa zamani hakuhitaji karatasi ya ramani. Alichukua ufito wa mwanzi, akautia alama za wino za vipimo vyote vya nyumba, na ujenzi ukiisha ufito ukapandishwa darini. Nguzo ikioza baada ya miaka mingi, fundi mwingine anaushusha, anapima, anachonga kipande kipya na kukichomeka palepale pa kile kilichooza. Fundi wangu hakuwa mtu wa sifa, lakini kuna ufito mmoja aliniachia niutie alama mwenyewe, akaupitia wote, akauweka begani akaondoka nao bila kusema neno. Andikeni hapo kwamba baba mdogo hakuwepo.

Futi kamba zao nazo zina mistari ya ziada, nyekundu ya heri na nyeusi ya nuksi, kwa kanuni ya Lỗ Ban, fundi wa kale wa China ambaye maseremala wanamheshimu. Uwazi wa mlango wa sentimita 90 ni mweusi, 81 ni mwekundu. Uamini usiamini, mteja anaamini, kwa hiyo pima anavyotaka.

Ndugu zangu, haraka inatumaliza. Mbao imeshushwa kwenye lori asubuhi, jioni ni kabati, mvua zikianza mlango hautaki kufunga, halafu tunamlaumu mteja kwamba ana nyumba yenye unyevu. Subirini! Hata wao wanapata tabu na jambo hili. Wakulima wengi wanaopanda keo, yaani akasia, wanaivuna ikiwa na miaka mitano au sita ikasagwe kwa ajili ya karatasi, ilhali ikifika kumi na zaidi inatoa mbao za fanicha kwa bei nzuri zaidi. Mwenye ada za watoto simlaumu, na vimbunga vya huko havina huruma. Lakini wewe huna kimbunga.

Tafuta magogo mawili ya mti wa bei rahisi ulio karibu nawe. Moja lizamishe, jingine liache hivihivi, na baada ya mwaka uyapasue yote mawili. Ukishaona kilichomo ndani, ndipo uniandikie.